Binti yangu anaandika kwenye daftari siku ambazo sijaamka

Anti shikamoo. Naomba jina langu usilitoe, baba watoto anajulikana sana huku mwaloni.

Mi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Mwanza maeneo ya Kirumba, nauza dagaa. Mume wangu ana mtumbwi na taa zake, anavua dagaa huko visiwani, kipindi cha giza anaenda kambi, mbalamwezi ikianza ndo anarudi nyumbani.

Tatizo langu lilianza baada ya kumzaa huyu wa pili ambae sahivi ana miaka 8. Nilikuwa nalala tu, sio usingizi yani, nalala macho wazi naangalia bati, mtoto analia namsikia ila mwili hauinuki. Ikapita, ikarudi, ikapita. Nikaenda zahanati moja nesi akaniambia mama wewe una mawazo tu nenda kasali, nikarudi nyumbani na aibu zangu. Mama mkwe akasema ni mizimu ya kwetu maana hata mama yangu mzazi alikuwa hivi hivi, nakumbuka nikiwa mdogo kule Geita alikuwa anaweza kukaa ndani siku nne haongei na mtu, sisi tunaambiwa mama ana malaria. Mwaka juzi ndo mume wangu akanipeleka hospitali nikaonana na daktari wa magonjwa ya akili, akasema hii ni sonona na juu yake kuna ugonjwa wa hofu, akanipa amitriptilini za kunywa usiku. Kwa kweli zilinisaidia. Ila mdomo unakauka na asubuhi kichwa kizito kama nimebeba gunia, kwahiyo nilipojiona niko poa nikaacha mwenyewe, mwezi wa tatu sasa. Na imerudi Anti. Wiki iliyopita kuna usiku nilitamani nilale nisiamke tena. Sijamwambia mtu, nakwambia wewe.

Hofu nayo ni hivi, nilimpoteza shangazi yangu kwenye MV Nyerere, ile Septemba 2018 pale Ukara. Toka hapo upepo ukivuma usiku na mume yuko majini mi silali, napiga simu hata mara ishirini, huko visiwani mtandao haushiki, basi nazunguka ndani Mungu wangu Mungu wangu mpaka kunakucha. Mtoto wa kiume nalala nae chumba kimoja. Sahivi nae hataki kusikia habari za maji, Jumatatu asubuhi tumbo linauma hataki shule, nimempima malaria, taifodi, mkojo, hamna kitu. Bibi yake yuko Sengerema, zamani tulikuwa tunapanda feri ya Kamanga, toka lifunguliwe daraja la Kigongo-Busisi tunapita daladala za kule, na hata darajani anafumba macho na kunishika nguo mpaka tuvuke.

Kilichonifanya nikuandikie ni binti, ana miaka 11. Ni mtoto mtulivu, anapika, anamwogesha mdogo wake, kila mtu anamsifia. Juzi nimefungua daftari lake la sayansi niangalie kama anasoma, nyuma kabisa nikakuta ukurasa amechora mistari, kila siku ina alama. Siku nilizoamka ameweka vema. Siku ambazo sijaamka ameweka mkasi, na mbele ya mkasi ameandika. Nilivunja kikombe. Nilichelewa maji. Tulicheka sana. Yani Anti, mtoto anadhani mi naumwa kwa sababu walicheka sana. Bibi yao upande wa baba ndo huwa anawaambia nyamazeni, kelele zenu zinamuumiza mama yenu.

Naomba unijibu mawili. Je hii kitu inarithiwa, imetoka kwa mama yangu ikaja kwangu sasa inaenda kwa wanangu? Na je niwaambie ukweli au ninyamaze? Baba yao anasema watoto hawaambiwi mambo ya wakubwa, tutawatia hofu bure na wataenda kuyasema shule.

Mama wa Wawili, Kirumba

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Lile la daftari nimelisoma mara tatu, ya tatu nikaweka simu chini nikatoka nje kwanza. Ntalirudia. Ila kuna jambo lako moja haliwezi kusubiri.

Huo usiku uliotamani usiamke. Mwambie mtu leo, baba watoto kama anapatikana, kama hapatikani mwambie dada yako au jirani unayemwamini, kwa maneno yale yale uliyoniandikia mimi usiyapunguze. Kesho asubuhi rudi kwa daktari aliyekutibu, na kama huko ni mbali au foleni inakukatisha tamaa nenda Bugando wana idara ya magonjwa ya akili, au anzia hospitali ya mkoa Sekou Toure. Mawazo yale yakikujia usiku usikae nayo peke yako kusubiri kukuche, amsha mtu akupeleke dharura, dharura haifungwi. Na vidonge vilivyobaki mpe mtu akutunzie awe anakupa cha siku, humo ndani kuna watoto na hizi sio dawa za kukaa kabatini na vyombo.

Kuacha dawa sikugombezi, mdomo kukauka na uzito wa asubuhi ni mambo ya amitriptilini yanayojulikana kabisa, daktari anaweza kupunguza, kukubadilishia saa ya kunywa au kukupa dawa nyingine, ila lazima aambiwe. Dawa za sonona zinachukua wiki kadhaa kushika, na ukishajiona mzima bado unaendelea nazo miezi mingi mpaka daktari akupunguzie mwenyewe taratibu. Si unajua mgonjwa wa kifua kikuu, kikohozi kinaisha mapema tu lakini anakunywa mpaka amalize miezi yake 6. Na yule nesi aliyekwambia kasali, kusali sali, mi mwenyewe nasali, ila alitakiwa akuelekeze kwa daktari na hakufanya hivyo, umepoteza miaka hapo na sio kosa lako.

Nimekazania matibabu yako kwa sababu umeniuliza habari za watoto, na habari zao zinaanzia hapa. Kuna utafiti wa Marekani ulitoka 2006, Myrna Weissman na wenzake walichukua akina mama 151 wenye sonona walioanza kutibiwa, wakawa wanaangalia na mtoto mmoja mmoja wa kila mama, wa miaka 7 mpaka 17. Miezi 3 tu baadae, upande wa mama waliopona, watoto wenye matatizo ya hofu, sonona na tabia walipungua, upande wa mama ambao hawakupona wakaongezeka. Ule utafiti ulikuwa unawatibu mama, sio watoto. Halafu kuna mwingine wa 2009, vijana 316 ambao wazazi wao wamewahi kuugua sonona wakafundishwa jinsi ya kupambana na mawazo mabaya, ikawasaidia wengi wasiugue, isipokuwa wale ambao mzazi alikuwa bado anaumwa wakati mafunzo yanaanza, hao haikuwasaidia. Mi hili huwa nawaambia wazazi wanaohangaika kumtafutia mtoto mshauri huku wenyewe wameficha karatasi zao za kliniki chini ya godoro. Kwahiyo siku unayopanga foleni ya kliniki usijione umewaacha watoto ukaenda kwenye mambo yako.

Sasa kurithi. Ndiyo, kuna kitu kinapita kwenye damu, sikufichi, mtoto wa mzazi mwenye sonona uwezekano wake wa kuja kuipata ni kama mara 2 mpaka 4 ya mtoto mwingine. Ila hairithiwi kama urefu au rangi ya ngozi. Anachozaliwa nacho ni wepesi wa kupatwa, na kuna mengi yanaweza kuongeza au kupunguza pale katikati, mengine yako humo humo ndani kwenu. Wako watoto wengi sana wa wazazi kama wewe wamekua salama. Kule Boston daktari mmoja anaitwa William Beardslee alikaa na vijana wa aina hiyo waliokua vizuri akawauliza maisha yao, akakuta wanafanana mambo. Walielewa kwamba mzazi ni mgonjwa na kwamba wao sio chanzo. Walikuwa na watu wao wa karibu, iwe mwalimu, rafiki au ndugu. Na walikuwa na shughuli zao wenyewe nje ya ugonjwa wa nyumbani. Akatengeneza utaratibu wa familia kukaa chini na kuuongelea ugonjwa, wenzetu wa Finland wakauchukua mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kuufundisha kwa wahudumu wa afya nchini kwao, yani mzazi akija kutibiwa wanamuuliza pia, na watoto wako je? Natamani siku moja swali hilo liulizwe kwenye kliniki zetu zote.

Kwa kijana. Mdogo wangu huyo mtoto mwaka 2018 alikuwa bado mgongoni, ile ajali hakuiona, shangazi yako hamkumbuki. Kuogopa maji hakukufundishwa na ziwa, amekusoma wewe usiku ule unazunguka. Sisemi hivyo ujilaumu, hofu yako ina sababu, watu zaidi ya 220 walikufa pale Ukara na wewe ulizika. Nasema hivyo kwa sababu kitu alichojifunza kwako anaweza kujifunza tofauti kwako pia. Golda Ginsburg na wenzake huko huko Marekani walichukua familia 136 ambazo mzazi ana ugonjwa wa hofu na mtoto, wa miaka 6 mpaka 13, bado hajaupata. Waliofundishwa kwa vikao vya wiki kama 8, mzazi na mtoto pamoja, mwaka mmoja baadae watoto waliopata ugonjwa hawakufika hata 1 kati ya 10, wasiofundishwa ilikuwa karibu 1 kati ya 3. Walichofundishwa sio uchawi. Mzazi anafundishwa kujikamata pale anapoonyesha hofu yake mbele ya mtoto, na kuacha kumwondolea mtoto kila anachokiogopa, badala yake anamsogeza taratibu.

Daraja ni zuri, mi mwenyewe Sengerema napita huko huko. Ila kama unapita darajani ili msiyaone maji ya feri, mtoto anaelewa kuwa mama nae kakubali yale maji yanaua. Anzeni kidogo. Jumamosi moja nendeni pale feri ya Kamanga bila safari, mnunulie mhindi wa kuchoma, mkae muangalie magari yanavyoingia na kutoka, yeye ahesabu malori, mkimaliza mrudi nyumbani. Wiki nyingine tena, sogeeni karibu zaidi. Akizoea hapo ndo mvuke, mvae maboya, na umweleze kwamba MV Nyerere ilizidisha watu, kwahiyo sisi chombo kikijaa hatupandi, tunasubiri kingine. Hiyo ni tahadhari na inamtosha mtoto. Moyo wako ukidunda mwambie tu, hata mama anaogopa kidogo, ila tunakwenda na itapungua, na kweli ukikaa nayo inapungua. Usiku wa upepo ukiona umeanza kuzunguka toka hicho chumba, kaa sebuleni, au mpangie na mumeo saa moja maalum ya kupiga simu pale penye mtandao, baada ya hapo simu unaiweka. Ni ngumu najua. Dawa zikirudi itakuwa nyepesi.

Tumbo la Jumatatu linauma kweli, hadanganyi, hofu inakaa tumboni. Usimpige na usimbakishe nyumbani. Mpe chai, mpeleke mwenyewe mpaka getini, ongea na mwalimu wake mmoja tu ajue kinachoendelea. Likiendelea wiki kadhaa nenda nae pamoja siku ya kliniki yako, au piga 116, ni simu ya bure ya mambo ya watoto, watakuelekeza.

Sasa binti. Na hapa shemeji yangu ntampinga kwa heshima zote. Anasema msiwaambie watoto mtawatia hofu. Baba, hofu wanayo tayari, imeandikwa kwa kalamu nyuma ya daftari la sayansi. Mlinyamaza, mtoto akatafuta sababu mwenyewe, na mtoto akitafuta sababu huwa anajikuta yeye.

Mimi nimekulia Ukerewe. Baba yangu kuna misimu alikuwa anakaa chini ya mwembe toka asubuhi mpaka jua linazama, chakula kinaletwa kinarudi. Hamna aliyetuambia kitu. Mimi niliamini ametuchukia kwa sababu nilizaliwa mtoto wa kike wa nne, nikabeba hiyo mpaka nina miaka 30 na kitu ndo daktari akaniambia jina la ule ugonjwa, baba ameshafariki. Na wewe mwenyewe uliambiwa mama ana malaria. Uliamini? Najua hukuamini, ulikuwa unajua kuna kitu.

Subirini mbalamwezi baba yao awe nyumbani, na wewe uwe umeshaanza tena dawa siku kadhaa na una siku yenye nguvu kidogo. Msiwaite kwa kikao maana watoto wetu wakiitwa wote pamoja wanajua ni kesi, ongeeni mkiwa mnachambua dagaa au mnamenya viazi. Sema kwa kifupi. Mama ana ugonjwa unaitwa sonona. Unafanya mwili uwe mzito na moyo uwe na huzuni hata kama hamna aliyekosea. Haukuletwa na nyie na hamuwezi kuuleta, na sio kazi yenu kuuponyesha, kuna daktari na kuna dawa na kuna baba. Hauambukizi. Siku mkiniona nimelala nitasema leo naumwa, mtaenda kwa mama fulani jirani atawapa chakula. Habari ya kutamani kufa usiwape, hiyo ndo ya wakubwa. Halafu wacha waulize, na wasipouliza siku hiyo usiwalazimishe, watakuja kuuliza siku ya tatu ukiwa unafua. Wakiuliza utapona lini sema ukweli, kwamba inapungua na inaweza kurudi, na ikirudi mnajua cha kufanya. Wakiuliza na sisi tutaumwa hivyo, waambie sio lazima, ila mtu yeyote humu akijisikia hivyo anasema mapema na anapelekwa hospitali. Kuhusu kuyasema shule, waambie wakiulizwa wajibu mama anaumwa anatibiwa, inatosha na ni kweli.

Mama mkwe usigombane nae, mwachie mwanae aongee nae. Aombe jambo moja tu, lile neno la kelele zenu zinamuumiza mama yenu lisitamkwe tena humo ndani. Mizimu kama anaiamini aendelee kuamini, dawa zako zisiguswe.

Na msimsifie sana huyo binti kwa kupika na kuogesha. Kazi za nyumbani ni sawa, wote tumezifanya, ila miaka 11 akiwa ndo mama wa nyumba anakosa muda wa kuwa mtoto. Mtafutieni msaada hata wa masaa mawili jioni, shangazi, jirani, yeyote, aende kucheza mdako na wenzake.

Hilo daftari usilichome na usimfokee. Mpe, mwambie umeliona, kaeni wawili mfungue ule ukurasa, mpitie mkasi mmoja mmoja. Hapa ulivunja kikombe, mimi nilikuwa naumwa toka usiku hata kikombe sikusikia. Hapa ulichelewa maji, mimi ugonjwa ulinikuta nimelala kabla hujatoka na ndoo. Ukifika pale alipoandika tulicheka sana, mwambie mlipokuwa mnacheka mimi nilikuwa nawasikia huku chumbani, na kwa siku ile nzima ndo kitu pekee nilichokipenda.